Kitambi changu na mimi tunataka kujifunza densi ya tumbo

Toleo lililopita nilidokeza tu, kwa sentensi moja, kwamba nimefundisha densi ya tumbo kwa miaka 19. Barua zimemiminika. Nimechambua chache, na ile ndefu naanza nayo kwa sababu aliyeiandika namjua vizuri ingawa hatujaonana: nilikuwa hivyo hivyo.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, watoto watatu na kazi ya kukaa mezani kutwa. Sijawahi kucheza ngoma yoyote. Kwenye sherehe mimi ndiye ninayeachiwa mikoba wenzangu wakienda kucheza. Nimeona darasa la densi ya tumbo la wanaoanza, nimefika mlangoni mara tatu na mara tatu nimerudi. Nina kitambi. Naogopa nitawakuta wasichana wenye viuno vya nyigu, mimi nisimame nyuma kama kabati. Je, ni lazima kuonyesha tumbo? Nivae nini? Na mtu mwenye kiuno kizito kama changu ana matumaini? — Mshika Mikoba

Marahaba, mwanangu. Nianze na tumbo, maana ndilo lililokurudisha mlangoni. Hapana, si lazima kulionyesha. Nguo za kumetameta unazoziona kwenye picha ni za jukwaani. Darasani watu huvaa taiti na fulana, basi. Ila fulana isiwe ile pana ya kulalia. Ivae inayoushika mwili kiasi, ili mwalimu aone kama kilichosogea ni nyonga au ni mbavu. Fulana pana huficha kitambi, kweli, lakini huficha na kosa, nawe utalipeleka kosa hilo mwaka mzima bila mtu kukuambia. Miguuni nenda peku au na viatu laini vya kuchezea. Soksi tupu zitakuangusha siku ya kwanza ya kugeuka. Chukua na kitambaa cha kujifunga. Usikifunge kiunoni, kishushe hadi kwenye mifupa ya nyonga, pale panapochezeshwa, jicho lako na la mwalimu yapate pa kutua.

Na kitambaa hicho kisiwe na sarafu. Hapa nina kisa.

Nilianza na miaka 39. Kabla sijajua hata mguu upi unatangulia, nilikwisha kununua kitambaa chekundu chenye sarafu safu nne. Siku ya kwanza nikakifunga, nikawa kila nikipumua, ching'li ching'li. Nilijiona nimefika. Mwalimu wangu, mama mmoja mfupi asiyepaza sauti, aliniacha kama dakika kumi. Kisha akaja nyuma yangu, akaniomba ruhusa, akalifungua fundo, akanifunga mtandio wa pamba usio na hata shanga. Sarafu akaziviringa, akaziweka juu ya spika. "Haya," akasema, "sasa tusikie ngoma." Uso wangu uliwaka. Lakini kweli, ndipo niliposikia kwamba muda wote huo kulikuwa na dumbaki ikipigwa, na mimi nilikuwa nikitikisika pembeni yake, kila mtu na hamsini zake.

Sasa kiuno chako kizito. Watu wengi hudhani densi hii ni kukata kiuno, na kwamba ukataji huo mtu huzaliwa nao. Kiuno hufuata magoti. Weka gazeti hili chini, ujaribu. Simama, nyayo ziwe chini ya nyonga, zielekee mbele. Legeza magoti kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Mfupa wa mwisho wa mgongo uuache uning'inie kuelekea sakafuni, kifua ukiinue bila kukitutumua. Sasa nyoosha goti la kulia polepole, usilikaze hadi mwisho. Umeona nyonga ya kulia ilivyopanda? Hukuipandisha wewe, goti ndilo lililoisukuma. Likunje, nyonga inashuka. Nenda kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, visigino vikiwa chini. Hiyo, ikienda kasi, ndiyo ile tetemeko ambayo wachezaji tunaiita shimi, na umeifanya ukiwa umesimama sebuleni na kitambi chako.

Kigumu kipo, nisikudanganye. Wiki za kwanza nyonga ikienda kulia, mbavu nazo zitakwenda, na bega, na shingo, kama abiria wa basi linalopiga kona. Kazi ya mwanzo ya densi hii ni kuwatenganisha abiria hao: nyonga iende, mbavu zibaki. Weka viganja ubavuni, juu kabisa, chini ya kwapa, uzishike mbavu zako kama unavyoshika mtoto asianguke, kisha uchore kwa nyonga tarakimu 8 iliyolala sakafuni. Wiki ya kwanza utachora kiazi. Wiki ya nne kiazi kitaanza kuwa na kiuno.

Kitambi hakizuii lolote kati ya hayo. Nitasema na zaidi, ingawa wanafunzi wangu wembamba hawapendi nikilisema: mtetemo hupendeza palipo na kitu cha kutetemeka. Densi hii inataka uzito wako uende chini, kwenye sakafu, na nyinyi wenye mwili mnao uzito wa kupeleka. Wasichana wa miaka 20 utawakuta, ndiyo. Wao nao watakuwa wamejiangalia kiooni wakitafuta kitambi wasichokuwa nacho. Hakuna atakayekutazama wewe, kila mmoja ana shida zake na goti la kushoto.

Mwalimu, nimeingia wiki ya tatu. Shimi yangu hufa baada ya sekunde kumi, na nikifika nyumbani mgongo wa chini unaniuma. Niache? — Mgongo

Usiache, ila acha kubinuka. Naweka dau ndicho unachofanya: unataka nyonga ionekane, basi unasukuma matako nyuma, na mgongo wa chini unajikunja kama upinde. Mgongo uliojikunja hivyo ukiutikisa nusu saa utauma tu. Egemea ukutani, magoti yamelegea, ushushe kitako mpaka ile nafasi kati ya kiuno na ukuta ipungue; usiifute yote, ipungue tu. Ondoka ukutani ukiwa hivyo hivyo. Hapo ndipo pa kuchezea. Mara ya kwanza utajihisi umekaa kama bibi kizee, lakini kwenye kioo utajiona umesimama sawa.

Maumivu nayo yana aina zake. Mapaja kuuma siku ya pili, ubavu kukaza, hayo ni ya kawaida, mwili umeshangaa. Lakini maumivu ya kuchoma, ganzi inayoteremka mguuni, goti linalovimba, hayo si ya kuvumilia wala ya kuniandikia mimi. Hayo ni ya daktari, na darasa lisubiri. Wale walioniuliza kuhusu kuanza baada ya kujifungua, hasa kwa upasuaji, jibu ni hilo hilo: daktari au mkunga aseme ndiyo kwanza, kisha umwambie na mwalimu.

Shimi kufa kuna wezi watatu: pumzi umeibana, matako umeyakaza, meno umeyauma. Unafanya kazi na misuli ambayo haikualikwa. Dawa yake ni kufanya polepole kuliko unavyopenda, goti moja kwa kila pigo la ngoma, dakika nzima, huku ukihesabu kwa sauti kuanzia mia kurudi nyuma. Anayehesabu hawezi kubana pumzi. Mimi yangu niliipata jikoni, nikisubiri maji yachemke, asubuhi na jioni. Ilichukua miezi mitatu, na siku ilipokuja ilikuja yenyewe. Nilikuwa nafikiria mambo mengine kabisa, nikatazama chini nikaona inaendelea bila mimi.

Nataka kuanza, lakini dada yangu mkubwa anasema hii ilikuwa ngoma ya kuwaburudisha masultani vitandani, na mwanamke mwenye heshima zake haichezi. Nimjibu nini?

Mjibu kwa adabu, ni dada yako, lakini mwambie habari hiyo ameipata kwa wachoraji na wasafiri wa Ulaya waliopenda kuwaza yaliyomo ndani ya nyumba ambazo hawakuruhusiwa kuingia.

Hata jina la "densi ya tumbo" si la wenyewe. Limetokana na Kifaransa, danse du ventre, na lilivuma Marekani baada ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, ambako kulijengwa mtaa wa kuigiza Cairo, wachezaji nao wakaletwa, na watu wakalipa kiingilio ili wakashtuke. Wamisri husema raqs sharqi, densi ya mashariki. Lisikilize neno hilo la pili. Ni mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi "mashariki". Na ile ya nyumbani, inayochezwa na mama, shangazi na mabinti kwenye harusi za familia bila jukwaa wala tiketi, huitwa baladi, yaani ya kwetu, ya watu wa kawaida. Huko msichana haendi darasani. Anajifunza kwa kumtazama nyanya yake.

Ya jukwaani ina historia yake. Mwaka 1926 mwanamke mmoja, Badia Masabni, alifungua ukumbi wake Cairo. Kwenye kumbi za namna hiyo densi iliyokuwa ikichezwa mahali padogo ikatandazwa kwenye jukwaa zima, mikono ikainuka, na nyuma ya mchezaji ikakaa bendi kubwa: udi, kanuni, nai (ile filimbi ya mwanzi), fidla, dumbaki. Kwake Badia ndiko walikopitia Tahia Carioca na Samia Gamal kabla sinema za Misri hazijawachukua. Ukipata nafasi, watazame hao wawili siku moja. Tahia karibu hasogei. Amesimama mahali pamoja kama mtu anayesubiri mgeni, na kila kitu kinatokea ndani ya hatua moja. Samia anaelea, mikono haina mwisho. Densi ni hiyo moja, na wanawake hao hata huwezi kuwachanganya.

Je, dada yako atakubali? Sidhani. Dada wakubwa huwa hawakubali kwenye barua. Mwalike siku moja akae pembeni atazame wanawake ishirini wakihangaika na goti la kushoto. Hakuna sultani anayeweza kuburudika na hilo.

Mimi ni mwanamume. Naweza kujiunga, au nitakuwa kichekesho?

Karibu. Uliza kwanza kama darasa ni la wanawake peke yao, kwa sababu mengine ni hivyo na yana haki yake, usiingie tu. Baada ya hapo magoti ni magoti. Mahmoud Reda, aliyekuwa mwanajimnastiki wa Misri kwenye Olimpiki za Helsinki mwaka 1952, ndiye aliyeanzisha kundi la Reda mwaka 1959 na kupeleka ngoma za vijijini Misri kwenye majukwaa ya dunia, akicheza mwenyewe. Na ukipenda ya kiume zaidi, ulizia tahtib, mchezo wa fimbo wa Misri ya Juu, yaani Misri ya kusini, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016. Wanawake waliuiga kwa utani, fimbo nyepesi begani, nyonga ikijibu. Nina mwanafunzi mmoja wa kiume. Anachelewa, hilo ndilo tatizo lake la pekee.

Mimi najifunza kwa video kwenye simu, miezi mitano sasa. Nikicheza na video naweza. Video ikizimwa, sijui chochote. Kwa nini? — Mwanafunzi wa Simu

Kwa sababu unajifunza mtu, hujifunzi densi. Usione haya, yalinipata na darasani. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshaanza kujisifu. Hatua zote nazifuata. Siku hiyo mwalimu akatuambia tugeuke, tuutazame ukuta wa nyuma, kioo kibaki mgongoni. Muziki ule ule, mpangilio ule ule. Nikasimama kama nguzo. Hapo nikagundua kwamba miezi miwili nilikuwa nikimsoma dada mmoja wa mstari wa mbele mwenye suruali ya kijani. Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza muziki. Mimi nilikuwa nikiisikiliza suruali.

Fanya hivi. Weka simu kifudifudi, sauti tu. Tafuta mdundo uitwao maqsum, ndio utakaoukuta kila mahali. Kwenye dumbaki kuna pigo zito la katikati ya ngozi, dum, na pigo kali la ukingoni, tak. Maqsum inasema: dum tak, tak dum, tak. Ipige mezani, kiganja kizima kwa dum, vidole kwa tak. Ukiizoea, tafuta saidi, ya Misri ya Juu: dum tak, dum dum, tak. Umesikia kilichobadilika? Pigo moja tu, la tatu, limekuwa zito, na ngoma nzima imeota miguu ya farasi. Sikio lako likiweza kuzitenganisha hizo mbili bila kufikiri, nyonga itajua yenyewe pa kushukia: mwanzo kabisa, kwenye dum. Baadaye kidogo utaanza kusikia kwamba udi unaomba kitu kingine, kitu cha kutetemeka, na nai inaomba mikono na kifua viende taratibu. Hapo hutahitaji wa kumwiga.

Video si mbaya. Ila haiwezi kukuona. Nenda kwa mwalimu hata mara mbili kwa mwezi, akurekebishe magoti na mgongo, kisha rudi kwenye simu yako.

Mwalimu wangu hutushika nyonga na kutusukuma bila kuuliza. Mwingine aliniambia ndivyo densi hii inavyofundishwa. Ni kweli?

Si kweli. Mwalimu huuliza, kila mara, na ukisema hapana anaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe. Yule wa kwangu wa kwanza, unakumbuka, hata fundo la kitambaa aliliombea ruhusa.

Mwaka wangu wa pili nilihamia kwa mwingine, maarufu zaidi, simtaji. Huyo alitusukuma vifua nyuma tujikunje mpaka tuione sakafu, misuli ikiwa baridi, wala hatukupasha mwili hata dakika tano. Shingo yangu ilikaa upande mmoja wiki nzima, na nilipomwambia, alisema sina moyo. Niliondoka, na ada yangu ya miezi miwili sikurudishiwa. Kwa hiyo nakwambia ninachokitazama siku hizi nikiingia darasa la mtu: anapasha watu mwili kabla ya kuwakunja? Mtu akisema goti linaniuma, anambadilishia zoezi au anamcheka? Na swali langu la mwisho, la uchokozi kidogo: wimbo tunaoucheza unasema nini? Mwalimu anayecheza wimbo wa kilio huku akitabasamu na kutupa nyonga huku na huku, hajauliza maana ya maneno. Huyo wa kwako, mwambie mbele ya wenzako, kwa upole, kwamba hupendi kushikwa. Akiendelea, beba mtandio wako.

Mwalimu, nina wiki sita. Kitambaa cha sarafu nimeshakinunua (samahani). Lini nitaruhusiwa kukivaa?

Hakuna wa kukuruhusu, ni nguo yako. Mimi nilichukua zangu juu ya spika mwezi wa tano. Mwalimu alinifunga mwenyewe, akasimama mbele yangu, akasema, "Sasa zicheze." Nikatikisa, zikalia, na wenzangu wakapiga makofi. Akanyanyua mkono. "Sasa nyamaza." Nikasimama. Zikaendelea kulia, kidogo kidogo, ching'li, ching'li, kwa sababu mapaja yangu yalikuwa bado yanatetemeka. Akasubiri hadi ya mwisho ikanyamaza, ilichukua muda, na darasa zima likiwa kimya. Kisha akazifungua tena.

Nilizipata moja kwa moja mwezi wa nane.